Kitufe cha Pole

Barua yenyewe haikuwa hata ndefu. Mistari minne tu, kamati ya tuzo imeibandika mtandaoni, na Mama Kiapo aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa banda la mdogo wake, fundi simu. Alipofika mstari wa pili akapiga ukelele, mpaka mteja mmoja akaruka akidhani betri yake imelipuka.

"Wewe! Hebu nisomee hapa. Labda macho yangu yamechakaa."

Mdogo wake akaweka bisibisi chini, akaipokea simu, akasoma kwa sauti: "'Mhusika mkuu, mlinzi wa geti, anamwomba msamaha kila anayepita mbele yake, na mpaka mwisho hatuelezwi amewakosea nini watu hawa. Hadithi haina mantiki. Mchezo huu umeondolewa katika orodha ya wanaowania tuzo ya Mchezo Bora wa Mwaka.'"

"Anaomba msamaha wapi?"

"Dada, mimi nimesoma tu."

"Nakuuliza, anaomba msamaha wapi? Gemu ile nimeimaliza mara tatu! Mwanzo mpaka mwisho, mara tatu, na yule mlinzi hajamwomba mtu msamaha hata siku moja. Hao watu wamecheza gemu gani? Au walikuwa wamelala?"

Mteja akachukua simu yake, akasema atarudi baadaye. Alifanya vizuri.

Sasa, huyu Mama Kiapo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na mahakama. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkalimani: shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa lugha ya kigeni, na katikati yao amesimama yeye, mikono nyuma, anayachukua maneno huku na kuyafikisha kule. Shahidi akila kiapo kwa kukimung'unya kama pipi, mama huyo anamsimamisha palepale. "Rudia. Mimi sikukusikia, na Mungu naye hakukusikia." Mawakili walicheka wee, mahakimu wakazoea, jina likaganda. Amestaafu mwaka juzi, na goti lake la kushoto likastaafu pamoja naye. Hasira haikustaafu.

Tena ana vituko vyake. Kutoka banda la mdogo wake mpaka nyumbani kwake ni dakika saba kwa njia ya sokoni. Yeye, na goti lile bovu, hutembea dakika ishirini, anazunguka nyuma ya shule, ilimradi tu asipite kwenye kona wanakokaa mafundi viatu. Mdogo wake aliwahi kumuuliza kwa nini, akajibiwa kuwa daktari kamwambia atembee. Uongo mtupu. Daktari alimwambia akae.

Gemu nayo ilimjia hivihivi. Alipostaafu alishinda nyumbani akiwasahihisha watangazaji wa redio. Redio haijibu, kwa hiyo akawa anampigia mdogo wake: umesikia alichosema huyu, umesikia, hilo si neno! Mara nane kwa siku. Fundi simu alipochoka akaichukua simu ya dada yake, akamwekea gemu.

"Mimi? Na mvi zangu hizi? Nikae nadonoadonoa kioo kama kuku?"

"Jaribu siku moja, dada. Ukichoka nitaifuta."

Gemu inaitwa Saa ya Kuwaona. Humo huui mtu, hukimbizi gari, hupandi cheo. Wewe ni mlinzi wa geti la hospitali. Una kiti, una daftari la wageni, na mbele yako wanapita watu wanaokuja kuwaona wagonjwa wao. Chini ya kioo kuna vitufe vinne tu: Karibu, Subiri, Unamwona nani, na Pole. Kazi yote iko kwenye hicho cha nne, maana gemu haikuambii ukibonyeze lini. Ukikibonyeza mapema mtu anakugeukia: "Pole ya nini? Nani kafa?" Na anakununia mpaka kesho yake. Ukichelewa ameshapita, kaondoka na mzigo wake. Ukipatia, anasimama, anashusha pumzi, anasema asante, na hapo anakuachia habari yake, kidogo tu. Kesho atakuachia nyingine. Kwa hiyo inabidi uwatazame watu: nani kabadilisha viatu, nani leo hakuchana nywele, nani kaja na mtoto aliyekuwa hamleti.

Mama Kiapo siku za kwanza aliwatukana wote. Halafu akatokea mzee mmoja wa chupa ya chai. Siku sita mzee huyo anapita na chupa yake, amekumbatia kifuani, hasemi neno. Ukimuuliza anamwona nani, anaonyesha kidole wodini. Siku ya saba akaja na chupa ileile, ila safari hii kaishika kwa mkono mmoja tu, inaning'inia. Mama Kiapo akaitazama chupa. Akabonyeza Pole.

Mzee akasimama. "Asante, mwanangu," akasema. "Nilichemsha chai kwa mazoea. Nikakumbuka nikiwa njiani, nikaimwaga."

Alikuwa anakwenda kuchukua nguo za mkewe.

Mama Kiapo aliweka simu juu ya meza akalia, mchana kweupe, sufuria likaungua jikoni na asinyanyuke. Alimlilia yule mzee. Na alililia jambo jingine pia, ambalo hakuna aliyelijua duniani ila yeye.

Tangu hapo ikawa hasikii haambiliki. Kila aliyeingia kwake kukopa ungo alihubiriwa gemu. Iliposemekana imeingia kwenye orodha ya kumi bora za mwaka, katika tuzo kubwa ya nchi nyingi, alitembea kichwa juu utadhani kaitengeneza yeye. Mtengenezaji hasa ni dada mmoja mwembamba wa miwani aliyewahi kuwa karani wa mapokezi hospitalini, na hawakuwa wamewahi kuonana. Tuzo yenyewe gemu huiwania mara moja tu, mwaka uleule iliotoka. Ikikatwa, imekatwa. Mwaka unaofuata inazikwa chini ya nyingine mpya, na watu wanasahau kama iliwahi kuwepo.

Ndiyo maana siku ile ya barua alipiga ukelele.

"Ngoja," mdogo wake akasema. Alikuwa anasoma sheria za tuzo. "Majaji wako watano. Watatu hawajui Kiswahili. Sasa, eti kwa ajili ya haki, wote watano wamecheza toleo moja, la lugha ya kigeni. Limetafsiriwa na kamati yenyewe."

"Lifungue hilo toleo."

Akalifungua. Geti ni lilelile, kiti kilekile, mzee na chupa yake yuleyule. Vitufe vinne viko pale chini, kwa lugha ileile ambayo Mama Kiapo aliitumikia mahakamani miaka thelathini na mmoja. Karibu, sawa. Subiri, sawa. Unamwona nani, sawa. Na cha nne kimeandikwa: Nisamehe.

Mdogo wake alitegemea mlipuko. Haukuja. Dada yake alikaa kwenye stuli ya wateja, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba, akakitazama kitufe kile muda mrefu. Mdomo ulikuwa unachezacheza bila sauti.

"Dada? Maji?"

"Wapuuzi," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Kisha ikapanda. "Wapuuzi! Mtu anabeba chupa tupu, wewe mlinzi unamwambia nisamehe? Nisamehe nimemuua mkeo? Ndiyo maana wanasema haina mantiki! Wameichinja wenyewe, halafu wanasema haina kichwa! Na kati ya hao watano, wawili wanajua Kiswahili. Wanakijua! Wamenyonya nacho! Walishindwa nini kufungua mdomo?"

"Kuna kipengele hapa," mdogo wake akasema haraka. "Kila gemu iliyoondolewa, mchezaji mmoja anaruhusiwa kuja kuitetea. Dakika kumi. Jumamosi hii saa nne asubuhi, ukumbi wa chuo cha ufundi. Baada ya hapo orodha inafungwa."

"Jaza fomu."

"Wameuliza kazi yako."

Mama Kiapo akafikiri. "Andika mchezaji," akasema.

Jumamosi akavaa gauni lake la mahakamani, la bluu nzito, na viatu vya kisigino kifupi ambavyo goti lilishamkataza. Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki na feni moja yenye kelele, na jukwaani meza ndefu yenye chupa za maji na majaji watano. Katikati alikaa mwenyekiti wa jopo, bwana mnene wa suti ya kijivu, msemaji hodari wa Kiswahili, mmoja wa wale wawili. Majaji. Neno lenyewe lilimkera Mama Kiapo. Yeye alishasimama mbele ya majaji waliokuwa na watu wa kunyonga, na hawa wanajiita majaji kwa sababu wanabonyeza vitufe.

Mtengenezaji alikuwa kiti cha nyuma kabisa, miwani mkononi. Mama Kiapo, aliyemjua kwa picha tu, alipopita alimwinamia. "Binti, uliwaambia kuhusu kile kitufe?"

"Niliwaandikia mara tatu, mama. Hawakujibu."

Hilo likamwongezea kuni. Akaitwa. Jukwaa lilikuwa na ngazi tatu, na kwenye ya pili goti likamsaliti, akayumba, akashika ukingo wa meza ya majaji, chupa moja ya maji ikaanguka ikabingirika mpaka chini.

"Oh, pole, mama!" akasema mwenyekiti, akinyanyuka nusu.

Wapo wanaosema alijikwaa kusudi. Mimi nasema kujikwaa kulikuwa kwa kweli, ila yule mama hakuwa mtu wa kuacha kitu kikapotea bure.

"Umesemaje?" akauliza.

"Nimesema pole, mama. Umeumia?"

"Ngazi hii umeijenga wewe?"

"Mimi? Hapana."

"Goti hili umenivunja wewe?"

"Mama, sijakuelewa."

"Sasa mbona unaniomba msamaha?"

"Sijakuomba msamaha! Nimekupa pole tu, kama mtu yeyote..." Akakatika. Ukumbi ulishaanza kucheka. Mwenyekiti akakaa, akajifuta shingo.

Mama Kiapo akawageukia wale majaji watatu wasiojua Kiswahili, akawaeleza kwa lugha yao yote yaliyopita, neno kwa neno, sauti ya mwenyekiti akiitoa ya mwenyekiti na yake akiitoa yake, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akawaambia: "Kwa tafsiri mliyopewa ninyi, mwenyekiti wenu amekiri sasa hivi mbele ya watu kwamba ndiye aliyenivunja goti. Niite polisi?" Jaji mmoja, mwanamke mwenye nywele fupi, akacheka kwa sauti kisha akaacha kucheka ghafla. Akachukua kalamu.

Dakika zilikuwa zinakwenda, naye akazishika. Alisema kwa lugha zote mbili, sentensi huku, sentensi kule, mkalimani na mtetezi katika gauni moja.

"Nimeisoma orodha yenu ya kumi bora. Kuna gemu humo, unaua watu mia nne kabla hujamaliza chai. Sawa, waueni, mimi si mama yenu. Kuna nyingine ina milima mizuri mpaka mtu anataka kuhamia. Hongera zao. Lakini niambieni ni ipi kati ya hizo iliyowahi kumfundisha mtu kumtazama mwenzake? Gemu hii ina kitufe kimoja, na ukikibonyeza ovyo unakuwa mjinga. Haikupi pointi. Haikupigii makofi. Mimi nimefanya kazi ya maneno miaka thelathini na mmoja, nikaja kufundishwa na simu kwamba neno lina wakati wake, na kabla hujalisema umtazame kwanza mtu usoni. Aliyetengeneza kitu kama hicho ninyi mnamwambia hana mantiki? Mantiki yake mmeing'oa wenyewe, mkaja kumuuliza iko wapi! Mngekuwa waungwana mngeona haya."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasubiri yaishe. Alikuwa ameshajikusanya, na kidogo alikuwa amekasirika yeye pia, maana hakuna apendaye kuchekwa akiwa ndani ya suti.

"Mama, tumekusikia na tunakuheshimu," akasema. "Lakini tusikuze mambo. Gemu nzima ina maneno zaidi ya elfu tano. Hapa tunazungumzia neno moja. Ni neno moja tu."

Mama Kiapo akanyamaza.

Mdogo wake, kule chini, alimjua dada yake tangu utotoni, na hakuwahi kumwona akinyamaza mara mbili katika wiki moja.

"Neno moja tu," akarudia, polepole. "Haya. Ngoja nikuambie neno moja tu."

Akaishika meza kwa mikono yote miwili.

"Miaka kumi na tisa iliyopita kibanda cha mshona nguo kiliungua, sokoni. Jirani yake alikuwa fundi viatu, kijana, ndiyo kwanza kaoa, ana jiko la kuyeyushia nta. Wakamkamata yeye, eti jiko lake ndilo lililounguza. Shahidi mkuu alikuwa yule mama mshona nguo. Hakuwa na ubaya naye. Alisimama kizimbani akasema ukweli wake: moto sikuuona ulikoanzia, nilikuwa nyumbani, asubuhi fundi viatu akaja kwangu akaniambia pole. Basi. Jirani kaunguliwa, jirani mwenzie kaja kumpa pole. Nani asingekwenda? Lakini hakimu alikuwa mgeni, Kiswahili hakijui. Alikuwepo mkalimani."

Feni peke yake ndiyo iliyokuwa ikilalamika.

"Ilikuwa saa tisa na nusu. Kesi ya sita siku hiyo. Mkalimani amechoka, miguu inamuuma, anataka kwenda kwao. Akasema: 'Asubuhi alikuja kwangu akaniomba msamaha.' Likatoka hivyo. Na lilipotoka tu, akalijua! Akalisikia likianguka. Angeweza kuinua mkono akasema mheshimiwa, nasahihisha. Sekunde tatu. Lakini hakimu alishainama kuandika, mwendesha mashtaka alishaanza swali jingine, na mkalimani akaona aibu. Aibu! Yeye aliyekuwa akiwarudisha watu kula kiapo upya! Hakimu akasema mtu asiye na hatia haombi msamaha. Akamfunga miaka mitatu."

Akampigia mwenyekiti meza, kofi moja, chupa zikaruka.

"Neno moja tu! Huyo mkalimani ni mimi. Nimekaa nalo miaka kumi na tisa, sijamwambia hakimu, sijamwambia padri, sijamwambia ndugu yangu aliyekaa pale. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, na mimi kidole changu hakina hata kovu. Sasa njoo uniambie tena hapa mbele ya watu: ni neno moja tu. Niambie!"

Mwenyekiti akaanza kuzisimamisha chupa za maji.

Yule jaji wa nywele fupi akainua mkono kama mwanafunzi. Aliuliza kwa lugha yake, kwa upole: huyo mtu yuko wapi sasa?

"Yuko kona ya sokoni," akajibu Mama Kiapo. "Anashona viatu. Mimi huzunguka nyuma ya shule."

Majaji wakainamiana. Haikuchukua hata dakika tano. Gemu ikarudishwa kwenye orodha, wanne kwa mmoja, na ikaamuliwa kwamba Jumanne majaji wote wataicheza upya kwa Kiswahili, na kwa wale watatu atakaa mkalimani. Mwenyekiti akamgeukia, sauti imeshuka: angekubali kuwa yeye?

"Jumanne nitakuja," akasema. "Lakini nina sahihisho la kufanya kwanza."

Mtengenezaji alikuja mbio kumshika mkono, miwani imelowa. Mama Kiapo alimpigapiga begani, akamwambia asilie, bado hajashinda kitu. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada, hii miaka yote..."

"Usinihurumie! Ukinihurumia sasa hivi nitakupiga na kiatu. Nenda kafungue banda lako."

Akashika njia ya sokoni. Ile fupi. Alikuwa na hasira bado, mpaka masikio yanamuunguza, ila sasa hakuwa na mtu wa kumtupia. Mwenyekiti alishabaki nyuma. Kila hatua goti lilimchoma na kila hatua alijisema mwenyewe kwa maneno ambayo kama ni shahidi angeyatamka mahakamani, angemwamuru ayafute.

Kwenye kona mafundi walikuwa wanne, kila mmoja na mwavuli wake. Alimtambua. Kijana yule sasa alikuwa na mvi kwenye ndevu, ameshika kiatu cha shule kati ya magoti, anavuta uzi. Akainua macho, akamwona mama mwenye gauni la bluu anakuja anachechemea.

"Pole na goti, mama," akasema.

Mazoea ya maisha yote yalitaka ajibu asante, nimeshapoa. Hakujibu hivyo.

"Nisamehe," akasema.

Fundi akaacha uzi. Alimtazama vizuri, gauni, uso, tena gauni.

"Mimi nimekupa pole," akasema. "Hiyo yako ni jibu la mtu aliyechanganya maneno, au ni nisamehe yenyewe?"

"Ni nisamehe yenyewe."

"Aha." Akakiweka kiatu chini. "Basi umekuja."

"Unanijua?"

"Nikusahau vipi? Lugha ile sikuijua, lakini uso wako niliutazama, maana ndio pekee pale ndani uliokuwa unaongea na mimi. Ulisema kitu, ukasita, ukameza mate. Nikajua kuna changu kimepotea hapo. Sikujua ni nini. Wakili sikuwa naye wa kumuuliza. Nilipotoka nikasema huyu mama atapita hapa, nitamuuliza. Kumbe mama anazunguka nyuma ya shule! Nakuona kila siku, mama. Kutoka hapa ile njia inaonekana. Mvua, jua, na mguu wako huo, unazunguka!"

Sauti ilikuwa imepanda. Mafundi wengine walijifanya wana kazi.

Mama Kiapo akamwambia. Akasimama palepale bila kukalia benchi, akamweleza alichosema mshona nguo, na alichosema yeye. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua nyundo, akaipiga juu ya gogo lake la kugongea viatu, mara moja, kwa nguvu zote.

"Pole?" akasema. "Pole ndiyo iliyonifunga? Nilitoka nyumbani sijanawa uso, nikaenda kumpa jirani pole! Mama yangu ndiye aliyenituma, akaniambia nenda kampe pole mwenzio, usikae tu. Amekufa nikiwa ndani. Amekufa akijua kuwa yeye ndiye aliyenituma, ila hakujua..." Akashindwa. Akaitupa nyundo kwenye sanduku.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Mama Kiapo. Akalizuia. Akamtazama mtu usoni kwanza, akaona bado. Fundi aliokota kiatu, akakiweka. Akaokota uzi, akauzungusha kidoleni, akaufungua. Akavuta pumzi, mabega yakashuka.

"Pole," akasema Mama Kiapo.

Fundi akaukunja uzi kiganjani.

"Asante," akasema. Kisha akakohoa. "Hiyo nimeipokea. Ile nyingine ngoja kwanza."

"Nitangoja."

"Faili langu liko masjala ya mahakama. Niliwahi kuliulizia, wakaniambia niende na sababu." Akachukua sindano, akaanza tena kushona. "Jumatatu saa mbili, tukutane mlangoni pa masjala. Uje uwaandikie hiyo sababu kwa mkono wako."

"Nitakuja."

"Na usizunguke," fundi akasema, bila kuinua macho.